Kadi Arobaini Kwenye Vigingi

Kama kuna mtu kule mlimani ambaye usingedhani macho yake yangeungua kwa theluji, mtu huyo ni Beleshi. Nalisema hili mapema, maana watu wakisikia habari yake hutikisa vichwa na kusema labda mzee wa watu hakujua. Alijua. Kila majira ya theluji yalipoanza na wafanyakazi wapya kupandishwa kwenye kibanda cha juu, nyapara alimwita Beleshi aje awape somo la macho, na somo hilo hakulifanyia mzaha.

"Jua mmezoea kuliogopa likitoka juu," aliwaambia. "Hapa linatoka chini. Theluji mpya inalirudisha lote usoni kwako, linapita chini ya kofia, linapita pembeni. Kwa hiyo miwani iwe nyeusi, na pembeni iwe imezibwa. Ukiipoteza, chukua kipande cha boksi, toboa mwanya mwembamba, ufunge usoni, uendelee na kazi. Na siku ya wingu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hutakunja hata jicho."

"Inauma sana, mzee?" mmoja lazima angeuliza.

"Ukiwa kazini haiumi hata kidogo. Unamaliza, unashuka, unakula na wenzako, mnacheka. Saa saba au nane baadaye ndipo unahisi kama mtu amekumwagia mchanga machoni."

Hospitalini ugonjwa huo una jina lake refu, lakini wao waliuita macho ya mchanga. Dawa yake aliijua pia: kaa gizani, weka kitambaa cha maji baridi, usisugue, ngoja siku mbili tatu. Akimaliza kusema alipita kwa kila mmoja akivuta mkanda wa miwani kuona kama umekaza, kama mama anayewakagua watoto kabla hawajaenda shule. Wengine walimcheka pembeni. Yeye hakujali, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa hakuna mtu wa zamu yake aliyewahi kushushwa mlimani akiwa amefungwa macho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ya kusukuma theluji hufuata vigingi vyekundu vilivyosimikwa ukingoni mwa barabara. Theluji ikivifunika, dereva hajui barabara inaishia wapi na bonde linaanzia wapi. Beleshi alikuwa na vigingi arobaini, hatua thelathini kati ya kimoja na kingine, na kila siku alivifukua kwa beleshi lake, lile lililompa jina, mpaka vikaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Alikaa mlimani siku kumi na mbili, akashuka nyumbani siku mbili, akapanda tena. Ukipiga hesabu ya ndoa yake kwa siku alizolala nyumbani, alikuwa bwana harusi bado.

Mkewe alilalamika kwa utani, kama wanavyolalamika wake wa watu wa zamu, mpaka alipopata kiharusi na upande wake wa kushoto ukafa. Mwezi ule ule binti yao wa pekee alipata nafasi ya chuo cha ualimu katika mji mwingine. Chuo kilikubali kumshikia nafasi mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha kikakubali tena, kwa shingo upande. Safari hii barua iliandikwa kwamba asipofika mwanzo wa muhula, nafasi atapewa mwingine na jina lake litafutwa.

Mtu wa kumgeuza mama kitandani, kumlisha na kumwogesha lazima awepo. Mpango uliowezekana ulikuwa mmoja, nao walishaugeuza kila upande. Beleshi afanye mtihani wa mkaguzi wa barabara. Akifaulu, atahamishiwa kituo cha chini, robo saa kwa miguu kutoka nyumbani, arudi kila mchana na kila jioni. Katikati ya hapo jirani angechungulia. Binti angeenda zake chuoni. Ila mtihani huo Beleshi alikuwa ameshafeli mara mbili, na sheria ilisema ukifeli mara tatu faili lako linafungwa, usirudi tena.

Alifeli kwa nini? Si kwamba alikuwa mjinga. Shule aliacha mapema, na kusoma kwake kulikuwa kwa jasho. Alikaa na kitabu kama mtu anayelima ngwe, akianza juu na kushuka chini huku midomo ikicheza, ukurasa mmoja mara saba. Akaupigia mstari kila sentensi aliyoona ina maana, na kwa kuwa alikiheshimu kitabu, akaona zote zina maana. Kitabu kizima kikajaa mistari. Halafu akaingia kwenye chumba cha mtihani, na kichwa kikawa cheupe.

Binti yake alikitazama kitabu hicho baada ya kufeli mara ya pili, akakifunga, akakiweka mapajani.

"Haya baba, niambie."

"Nikuambie nini?"

"Huu ukurasa uliokuwa unausoma."

"Si nimeusoma sasa hivi?"

"Ndiyo maana nakuuliza sasa hivi."

Beleshi akanyoosha mkono kukichukua kitabu, akaurudisha. Akakuna shingo.

"Macho yako yamepita hapo, baba," binti akasema kwa upole. "Wewe mwenyewe hujapita."

Tangu utotoni baba yake alimwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa akipanga viatu vya nyumbani mstari na kuvifundisha kusoma, na kiatu kisichosikia kilisimamishwa kwenye kona. Sasa akamgeukia baba yake. Akamfundisha kusoma vichwa vya habari kwanza na kuvigeuza maswali, ili anapoingia ndani ya ukurasa awe anatafuta kitu. Akamfundisha kusoma kidogo, kufunga kitabu, kusema kwa sauti kwa maneno yake mwenyewe, ndipo afungue aone alichosahau. Akamkataza kupiga mistari. Akamwambia alichokijua leo akiache, akirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, maana akili hushika kile inachotafutatafuta kidogo kabla ya kukipata.

Kisha akamtengenezea kadi. Nyumba ilikuwa haina uhaba wa maboksi ya dawa za mama, basi akayapasua, akayakata, upande wa ndani wa rangi ya kijivu ukawa wa kuandikia. Swali mbele, jibu nyuma. Aliandika kwa penseli makusudi. "Ukishaijua kabisa tunaifuta, tunaandika ngumu zaidi," alisema. "Usiiache kadi ikudanganye kwamba bado unajifunza." Kila baada ya siku kumi na mbili baba alishuka na kadi zake, wakafuta, wakaandika. Mama alikuwa kitandani akisikiliza, na mara nyingine alijibu kabla ya mumewe, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, na wote watatu wakacheka.

Jambo la vigingi alilibuni Beleshi mwenyewe, na lilimpa fahari. Kadi arobaini, vigingi arobaini. Kila asubuhi alibana kadi moja kwenye kila kigingi kwa kibanio cha nguo. Akawa anafukua huku anajisomea: anafika, anaangalia swali, anafukua huku akijibu kwa sauti, akimaliza kufukua anageuza kadi. Mawe yakiporomoka upande wa juu wa barabara, unaanza na nini? Daraja likiganda, unaliwekea alama umbali gani? Nyapara alimsikia akibishana na kigingi cha kumi na nne, akawaambia wenzake Beleshi kapata wanafunzi, ila hawanyooshi mkono.

Na yaliingia kichwani. Hilo ndilo linaloniuma ninapolisimulia. Yaliingia mpaka akawa akifumba macho anakiona kigingi, na kigingini anaiona kadi, na kwenye kadi anaona mwandiko wa binti yake ulioinama kidogo kulia.

Tatizo lilikuwa miwani. Penseli juu ya karatasi ya kijivu, ndani ya miwani nyeusi, haionekani kabisa. Basi alikuwa anaipandisha kwenye paji la uso, anasoma, anaishusha. Mara moja tu, alijiambia, kufumba na kufumbua. Lakini mara moja ya vigingi arobaini, mbele na nyuma ya kadi, kwenda na kurudi, si mara moja. Kwa nini hakupitisha wino juu ya penseli? Swali hilo alijiuliza baadaye mpaka likamchosha. Jibu lake lilikuwa jepesi la kusikitisha: wino haufutiki, na Mwalimu alisema zifutwe.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani, theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na asubuhi ikaamka na wingu jembamba jeupe, mbingu na ardhi rangi moja. Hakukuwa na kivuli hata cha kigingi. Beleshi alibana kadi zake zote arobaini ili azipitie kwa mara ya mwisho, na kufika kigingi cha tano alikuwa amechoka kupandisha na kushusha. Akaiacha miwani kwenye paji.

Nyapara akapita juu ya mashine, akapunguza mwendo. "Mganga hajigangi, eh?"

"Wingu hilo, bwana. Na kesho ndiyo kesho."

"Miwani, Beleshi."

Beleshi akaishusha. Mashine ilipopotea kwenye kona akaipandisha tena, na hakuishusha mpaka kazi ilipokwisha saa nane mchana. Alivibandua vibanio, akazifunga kadi kwa uzi, akashuka na lori la chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, akiwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu mkewe aanguke. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, lakini mjukuu huyu alikuwa tayari njiani.

Nyumbani walikula mapema. Baada ya kula binti aliketi na kitabu kufanya mtihani wa mwisho wa mdomo, na Beleshi akajibu, la kwanza hadi la arobaini, bila kukwama, mengine akiongeza ambayo hayakuwa kwenye kitabu bali alikuwa ameyaona kwa miaka kumi na tisa. Binti alipofunga kitabu alikuwa analia kidogo na kucheka.

"Baba, umefaulu. Kesho unakwenda kuandika tu."

"Tumefaulu," alisema mama kitandani.

Beleshi alikuwa ameinamisha kichwa. Walidhani ni aibu ya kusifiwa. Ukweli ni kwamba karibu na swali la thelathini, taa ya mezani ilikuwa imeanza kumchoma, na alipopepesa macho alihisi punje. Punje moja, halafu nyingi. Alikuwa amewaeleza watu hisia hiyo mara nyingi mno asiweze kujidanganya. Alisema amechoka, akaenda kulala ameweka kitambaa cha maji baridi usoni, akiomba kwamba labda alijua vibaya miaka yote hiyo na kwamba ugonjwa huu una huruma.

Alfajiri hakuweza kufumbua. Kope zilikuwa zimevimba kama maandazi, na alipozilazimisha kwa vidole, machozi yalimwagika yenyewe na mwanga wa dirishani ukamwingia kama kisu. Binti alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu amevivaa kinyume, cha kushoto kulia, akijaribu kufunga kamba kwa kupapasa.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akamvalisha viatu upya. Kisha akasema, "Inapona baada ya siku ngapi?"

"Mbili. Tatu."

"Mtihani ni saa tatu."

"Najua. Nipeleke."

Akampeleka. Alimfunga skafu machoni, akamshika mkono, wakatembea mjini polepole juu ya theluji iliyokanyagwa, huku watu wakiwapisha. Beleshi alihesabu hatua kwa mazoea. Kila baada ya hatua thelathini kichwa chake kilimpa swali na yeye akalijibu kimoyomoyo, na majibu yote yalikuwa sahihi.

Msimamizi wa mtihani katika ofisi ya barabara hakuwa mtu mbaya, na laiti angekuwa mbaya, kwa sababu ungepata mtu wa kumlaani. Alimketisha, akamletea maji. Beleshi akamwomba amsomee maswali, yeye ajibu kwa mdomo, binti au mtu yeyote aandike.

"Mzee wangu," msimamizi akasema, "kitu cha kwanza kwenye mtihani ni kusoma herufi zile ukutani kwa hatua sita. Mkaguzi ni macho. Bila hizo siwezi hata kufungua bahasha."

"Niahirishie siku tatu."

"Tarehe si yangu. Hii inafanyika siku moja kila mahali."

"Basi nijaribu."

Alivua skafu. Alisimama kwenye mstari uliochorwa sakafuni, akafumbua macho kwa vidole vya mikono yote miwili na kuyashikilia wazi, machozi yakitiririka hadi kwenye kola. Ukuta ulikuwa ukungu mweupe. Akakisia herufi. Akakisia nyingine. Watahiniwa wengine waliacha kunong'ona. Mwishowe msimamizi akamshika bega na kumwambia yatosha, akarudi mezani kujaza fomu, na fomu ilikuwa na maswali yake.

"Miwani ya kazi ulipewa?"

"Nilipewa."

"Ulikuwa nayo siku hiyo?"

Beleshi alijipangusa machozi kwa kola. Alisikia mlangoni pumzi ya binti yake. Msimamizi akaandika kitu, akasema pole, na faili likafungwa.

Nje, binti hakumshika mkono mara moja.

"Baba, nataka kukuuliza kitu, na unijibu. Wewe miwani huvui. Hata mama anasema unalala nayo. Ulikuwa unasoma kadi?"

Alisema neno kadi kwa sauti ndogo, na Beleshi, ambaye hakuona uso wake, aliusikia uso huo vizuri kuliko angeuona. Alisikia kwamba binti ameshaanza kuufikia ukweli. Alikuwa amebakiza hatua moja tu afike kwenye penseli, na akifika hapo hatatoka. Angekaa na mama yake mwaka huu na mwaka ujao katika nyumba ile, akijua kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliomfungia mlango. Mtoto wa namna hiyo angemfundisha nani tena? Hata viatu asingevifundisha.

"Kadi?" akasema. "Kadi nilizimaliza wiki iliyopita. Zilikaa kwenye begi."

"Sasa?"

"Nilisahau miwani kibandani. Nikaona wingu, nikaona uvivu kurudi."

"Uvivu."

"Uvivu tu, mama. Uzee."

Mtaani kulikuwa na mtu anakwangua barafu kwenye ngazi.

"Wewe ndiye unayewafundisha wenzako," binti akasema. "Mwaka mzima, baba. Nilikata kila boksi la dawa lililoingia nyumba ile. Nikawa naamka kabla ya mama nipate nafasi ya kuandika. Na wewe hukuweza kurudi kibandani?"

"Sikurudi."

"Siku moja. Siku moja tu ya kuwa mwangalifu kwa ajili yangu."

Angeweza kusema hapo. Neno lilifika hadi kwenye meno. Akalimeza, na lilishuka vibaya, na naamini liko kooni mwake hadi leo. Binti alimshika mkono wa koti, si mkono wenyewe, akamwongoza nyumbani, akimwambia ngazi pakiwa na ngazi.

Nyumbani alimwambia mama yake kwa maneno manne: baba alisahau miwani kibandani. Kitanda kililia kidogo, mama alipojigeuza kwa upande wake mzima.

"Alisahau?" akauliza. Alikuwa mke wake kwa miaka ishirini na sita.

"Nilisahau, mke wangu," Beleshi akasema kabla hajaulizwa la pili, na kwa sauti ambayo mkewe aliielewa, kwa sababu hakuuliza tena. Alinyoosha mkono wake mmoja wa kazi, na Beleshi akapapasa hewani mpaka akaupata.

Siku ile na ya pili alikaa gizani kama alivyokuwa akiwaagiza wengine. Binti alimbadilishia kitambaa kila saa bila kuchelewa, maji yakiwa baridi inavyotakiwa, na hakumwambia neno zaidi ya "inua kichwa" na "haya." Beleshi alimsikia akiandika barua ya kukiarifu chuo, akisimama katikati, akiendelea. Alimsikia akivaa koti na kwenda kuituma.

Ubaya wa macho ya mchanga ni kwamba hupona. Asubuhi ya tatu Beleshi alifumbua na kila kitu kilikuwepo, safi, kama vile hakuna kilichotokea: ufa wa dari, kikombe, vumbi kwenye mwanga. Angeweza kusoma herufi ndogo kuliko zote ukutani kwa hatua ishirini. Binti yake alikuwa ameketi upande wa pili wa chumba akimlisha mama uji, kijiko kwa kijiko, na Beleshi akauona uso wake waziwazi kwa mara ya kwanza tangu jioni ile aliyolia na kucheka.

"Mwalimu," akaita. "Naona."

"Vizuri," alisema, akipuliza kijiko. "Lori la chumvi linapanda saa tano. Begi lako nimeshalifunga."

Hakugeuka kumtazama.